Gari la Kukodi na Ng'ombe wa Mzee Idi

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo hunirudia kila ninaposikia gari lako likiingia uchochoro huu wa mtaa wetu wa Kikuyu, Rashidi mwanangu. Nimekaa nayo muda mrefu bila kuisema kwa sababu inamhusu marehemu baba yako, na mtu hupenda kumsitiri kaka yake. Lakini wewe umekuja na swali lilelile wiki hii, wiki iliyopita na ile ya kabla yake, na mimi shangazi yako nimechoka. Kaa, unywe chai ingali moto. Juzi uliiacha ikaota utando kwa sababu ulikuwa unachungulia dirishani kuona kama watoto wa jirani wanaligusa.

Swali lako nimelishika, huna haja ya kulirudia. Gari umelikodi kwa mkataba, kila mwezi unalipa, na sasa mkataba unafika mwisho. Kampuni imekupa njia mbili. Ama utoe fedha kwa mkupuo liwe lako kabisa, ama ulirudishe wakupe jingine jipya, jeusi vilevile, uanze kulipia upya. Ukiwa umekaa hapa unasema utalinunua. Ukifika getini unasema hapana, utachukua jipya. Kesho yake unanipigia simu kuniuliza ninaonaje. Ninaonaje nini, mwanangu? Mimi hata kufunga mkanda wa gari hilo nasaidiwa.

Nilikuuliza fedha za kulinunua zitatoka wapi, ukakohoa. Ni zile za kupaua nyumba. Nikakuuliza, na ukichukua jipya je? Ukasema malipo ya kila mwezi yatapanda kidogo tu. Hiyo kidogo yako ni fedha hiyohiyo ya kupaua, ila inaondoka polepole usiione. Kuta zako zimesimama kule kiwanjani tangu mwaka jana, zimefika kwenye lenta, na juu hakuna hata bati moja. Mwajuma mkeo ana mimba kubwa. Mwenye nyumba mnayopanga ameshasema anavitaka vyumba vyake. Mawingu yameanza kujikusanya, na wewe unakuja kunieleza habari za viti vya ngozi.

Nilipokubana zaidi ndipo ukatoa la moyoni. "Shangazi, siku ya harusi nilikwenda nalo Kongwa. Baba mkwe na ukoo wake wote wanajua ni langu. Nikionekana nimepakiwa kwenye bodaboda, atanionaje?" Hapo nilimwona baba yako amekaa kwenye kiti hicho ulichokalia, na nikakasirika mara mbili, mara moja kwa ajili yako na mara nyingine kwa ajili yake.

Basi nisikilize, na simu hiyo iweke mfukoni.

Kwetu Busi, nilipokuwa msichana, ng'ombe hakukaa lazima kwa mwenyewe. Mtu mwenye ng'ombe wengi aliwagawa, huyu akafugwa kwa fulani na yule kwa fulani, ili ugonjwa au ukame ukilipiga zizi moja asibaki mikono mitupu. Aliyepewa kufuga alikunywa maziwa, na mbolea akaimwaga shambani kwake. Ndama walikuwa wa mwenyewe, na ng'ombe alikuwa wa mwenyewe hata akikaa kwako miaka. Kila ukoo ulikuwa na namna yake ya kuchanja sikio la mnyama, kwa hiyo hata akipotelea mabondeni alijulikana ni wa nani. Hakuna aliyeona haya kufuga ng'ombe wa mtu, maana karibu kila nyumba ilikuwa na wake.

Sisi tulimfuga ng'ombe wa Mzee Idi, mfanyabiashara wa Kondoa mjini. Alikuwa mkubwa, mwekundu, na weupe usoni kama aliyefunikwa shela, nasi tukamwita Bi Harusi. Mimi ndiye niliyekuwa namkamua, na nilimpenda kupita kiasi. Baba yetu alikuwa ameshafariki, zizi likawa mikononi mwa Hamisi, baba yako. Mali yake mwenyewe ilikuwa mitamba wawili tu, ng'ombe jike wachanga ambao hawajazaa, wadogo, wenye rangi ya vumbi. Aliwapata kwa kulima mashamba ya watu. Kila jioni aliwatoa kupe kwa vidole huku akiwasemesha, na sisi tulikuwa tunamcheka.

Hamisi akampenda mama yako, na wazee wa upande wa mama yako wakaja kutuona. Kuja kutuona ndiko kuja kuliona zizi, usidhani walifuata wali. Asubuhi ile baba yako aliwahamisha mitamba wake akawafunga nyuma ya ghala, eti watamtia aibu. Bi Harusi akaoshwa mpaka kwato, akasimamishwa mbele ya mlango wa zizi, na Hamisi akasimama ubavuni pake ameweka mkono mgongoni mwake. Hakusema ni wake. Hakusema si wake. Na wewe kule Kongwa hukusema, sivyo?

Babu yako mzaa mama, Mzee Omari, alikuwa mtu wa maneno machache. Alimsifia Bi Harusi, akamfukuza nzi sikioni kwa vidole, kisha akaomba udhuru akazunguka nyuma ya ghala. Tulidhani amekwenda kujisaidia. Alikawia kidogo, akarudi anajifuta mikono kwenye kanzu. Wakala, wakazungumza, wakakubaliana siku ya mahari, wakaondoka wanacheka.

Haukupita muda mrefu, Mzee Idi akapanda kutoka mjini. Akasema Bi Harusi amekaa kwetu vya kutosha, sasa Hamisi achague. Akitaka ng'ombe abaki moja kwa moja, atoe wale mitamba wake wawili. Asipotaka, Idi atamchukua Bi Harusi na kutuletea ng'ombe wake mwingine mchanga, tumfuge kama tulivyomfuga huyu. Unaona, mwanangu, hiyo kampuni yako haikugundua kitu kipya.

Mama yetu alimwambia Hamisi amwache ng'ombe wa watu aende zake. Bi Harusi alikuwa ameshazaa sana, maziwa yalikuwa yanapungua, na mimi niliyeshika kibuyu kila asubuhi nilijua na nilisema. Baba yako hakutaka kusikia. "Wakwe wamemwona," akasema. "Wakija wasimkute, nitauweka wapi uso wangu?" Akaenda nyuma ya ghala, akawafungua mitamba aliowapata kwa jasho lake, akamkabidhi Idi kamba. Nilimwona anawatazama wakishuka mlima, uso umemwiva kwa huzuni, na hata hapo hakufungua mdomo kuwarudisha. Mpaka leo nikikumbuka natamani kumzaba kofi, na mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki.

Siku ya mahari Mzee Omari alifika, akampita Bi Harusi bila kumtazama, akaenda moja kwa moja nyuma ya ghala. Aliporudi alikaa mkekani, akauliza mitamba wako wapi. Baba yako akajibu kwa fahari kwamba amewatoa, na kwamba sasa Bi Harusi ni wake kabisa, hana mwingine anayemdai.

Mzee Omari akamgeukia.

"Hamisi," akasema, "siku ile nilimshika sikio ng'ombe huyu, nikajua ni wa Idi. Sikukasirika. Kijana akitaka kupendeza mbele ya wakwe, si dhambi. Nikaenda nyuma nikawaona mitamba wako. Niliwapapasa mwili mzima, sikukuta kupe. Maji yao yalikuwa safi. Nikamwambia mke wangu, binti yetu amepata mtu wa kumtunza. Sasa umewatoa wale nilioridhika nao, ukanunua huyu ambaye hakunidanganya hata siku moja."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angefoka, tungejua pa kuanzia kuomba radhi. Alisema binti yake atasubiri mpaka Hamisi apate mitamba wengine kwa mikono yake mwenyewe, akavaa viatu, akaondoka. Na mama yako akasubiri. Mavuno yakapita, mengine yakaja, wenzake wakabeba watoto mgongoni, naye yuko kwa baba yake anasubiri, kwa ajili ya sifa ambayo hata huyo aliyekusudiwa hakuitaka. Bi Harusi hakuzaa tena. Tuliishia kumuuza kwa mchinjaji, na nililia sana, nikimlilia ng'ombe na nikimlilia wifi yangu.

Mama yako hakukuambia haya kwa sababu alimpenda baba yako na hakutaka umdharau. Mimi pia nilimpenda. Lakini siwezi kukaa hapa nikutazame unafungua kamba zilezile.

Sasa nakupa shauri langu, na nitalisema mara moja tu, usije wiki ijayo kuniuliza tena. Kama nyumba ingekuwa imeezekwa, na fedha za ziada zipo, ningekuambia ulinunue hilo ulilo nalo. Unaijua milio yake, unajua fundi gani amelishika na kwa nini, na ukishalipa huo mkupuo unapumzika. Jipya utalikodi, litachakaa mikononi mwako, watakupa jingine jipya, na utazeeka unalipia harufu ya viti. Huo ndio ukweli wa gari, na hauhitaji mtu aliyesoma. Ila wewe huna fedha za ziada, Rashidi. Una fedha za bati. Kwa hiyo usilinunue, na usichukue jingine. Lirudishe, washukuru, limekuhudumia vizuri. Panda basi, panda bodaboda, na siku ukitulia utatafuta kigari chako kidogo, kilichotumika, ambacho mtoto wa jirani akikigusa hutoki mbio na kikombe mkononi.

Kukodi si aibu, mwanangu. Tumenywa maziwa ya ng'ombe wa watu na tumekua. Ulijitia matatani pale ulipoacha watu wadhani ni lako, na sasa unataka kuilipia dhana hiyo kwa paa la mwanao. Ukitaka kununua kitu chochote maishani, jiulize kama bado ungekitaka iwapo hakuna mtu atakayekuona unashuka. Ukiona moyo unasita, rudi nyumbani na fedha zako.

Na huyo baba mkwe wako unayemwogopa, nilikusudia kunyamaza, ila umenishinda. Mzee Saidi alikuja hapa juzijuzi kwa basi kutoka Kongwa, na dumu la mafuta ya alizeti kwa ajili ya Mwajuma. Wewe ulikuwa kazini. Akaomba apelekwe kiwanjani, nikaenda naye na mguu wangu huu mbovu. Alizizunguka kuta zote. Akagonga matofali kwa kifundo cha kidole, akapima madirisha kwa shibiri, akaingia katika kile chumba kidogo mlichosema kitakuwa cha mtoto, akainua uso akatazama juu. Hakukuwa na kitu cha kutazama, ni mawingu tu. Akasema kuta zimenyooka, inaonekana kijana alisimama mwenyewe na mafundi. Nikamwambia ndivyo, kila Jumamosi ulikuwa pale, na viatu vya kazi vimejaa saruji.

Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Dada, lile gari la kukodi atalirudisha lini, apate nafasi ya kupaua?"

Nilisimama njiani. Nikamuuliza nani amemwambia ni la kukodi.

"Hakuna aliyeniambia," akasema. "Siku ya harusi kila mtoto alipopita karibu nalo, bwana harusi aliinuka. Hata chakula hakukimaliza. Mtu haogopi hivyo kwa kitu chake."

Hakusema kwa kejeli, mwanangu. Alikuwa anakuonea huruma. Akaniomba nisikuambie asije akakuaibisha, na akaniuliza kama nadhani utakubali ukiletewa miti ya kenchi, ya kubebea bati, kutoka kwake.

Umekiweka kikombe chini. Vizuri. Na huko dirishani leo hujatazama, nimeona.

Basi nenda kalirudishe kabla mvua haijakutangulia, na ukitoka huko umpigie mzee wa watu umwambie miti unaipokea. Mungu akupe mikono ya baba yako, ile iliyotoa kupe kila jioni, akuepushe na ukaidi wake. Ampe Mwajuma uzazi mwepesi. Na mvua ya kwanza itakapolipiga bati lenu, mtoto ashtuke alie kidogo kwa kelele zake, kisha alale.