Vidole Vinavyouamsha Mguu

Juzi, hospitalini Vwawa, nilikaa benchi moja na dereva wa malori wa Tunduma aliyekuwa ametoka kufunguliwa hogo, ile plasta ngumu ya mguuni. Mguu ulikuwa umekonda, akautazama kama si wake. Mkewe alikuwa pembeni yake.

Dada wa mazoezi ya viungo akatandika kitenge sakafuni. "Baba, kivute kwa vidole vya mguu."

"Sista, mimi nataka mguu wa kukanyaga klachi. Vidole vya nini?"

Dada hakubishana. Aliuchukua mkono wa dereva, akauweka kwenye shavu la mguu. "Haya, kunja vidole."

Akakunja. Macho yakamtoka. "Mbona panacheza huku juu?"

"Misuli inayokunja vidole imeanzia humo, baba. Ukivichezesha, nayo inapata nguvu."

Mkewe akapeleka kiganja chake, akasubiri, akausikia msuli ukikaza. "Kumbe haujafa," alisema, akilia na kucheka. "Asante, mwanangu. Mungu akubariki."

Dereva akaanza kuvuta kitenge bila kuambiwa tena.

Nami nilivua kiatu chini ya benchi, nikakunja vidole vyangu huku nimeshika mguu. Vimenibeba umri wote huu, na shukrani pekee niliyowahi kuvipa ni kuvikata kucha.