Mikono ya Awino, Sauti ya Gesare

Gesare alikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Migori. Alisifika kwa bidii. Madaftari ya asubuhi aliyarudisha mchana yakiwa yamesahihishwa. Lakini kila mwaka akifika kwenye hesabu za sehemu, alikwama. Alikuwa akiuliza nusu ukiongeza robo ni ngapi, na darasa zima linajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, halafu linamjibu kwa sauti moja: mbili kwa sita.

Mtandao wa pale haukuwa wa kutegemea. Ukifungua video, kiduara kinazunguka mpaka kengele inalia. Kwa hiyo walimu na wazazi walizoea kurushiana video simu kwa simu. Mnaweka simu mbili karibu, mmoja anawasha hotspoti, na kwa dakika moja video imevuka bila bando.

Milka, mama wa mwanafunzi wake mmoja, alikuwa akienda kisiwa cha Remba kununua omena, wale dagaa wa ziwani. Siku moja alipita shuleni akiwa na haraka.

"Mwalimu, shika simu yako nikurushie kitu. Nimepata huko kisiwani. Hata mimi niliyeacha shule nimeelewa."

Ilikuwa video ya dakika sita. Mwanamke asiyeonekana uso anawasalimu watoto kwa Kidholuo, anasema jina lake ni Mwalimu Awino, kisha anaingia kwa Kiswahili kwa sababu watoto wa kisiwa kile wametoka kila mahali. Kinachoonekana ni mikono yake tu, beseni la kijani na mkebe wa kupimia, gorogoro. Anapima nusu gorogoro ya omena, anaimimina kwenye beseni. Anapima robo, anamimina juu yake. Halafu anauliza: "Mnaniambia jibu ni mbili kwa sita. Mbili kwa sita ni theluthi, na theluthi ni ndogo kuliko nusu. Sasa nimeongeza samaki, samaki wamepungua. Nani amekula?"

Gesare alicheka peke yake katika chumba cha walimu. Aliirudia mara tatu.

Shida ilikuwa upepo wa ziwani. Mahali pengine uliyameza maneno kabisa. Jumamosi hiyo, baada ya ibada ya Sabato, Gesare alikaa sebuleni akarekodi sauti yake juu ya picha zile, sentensi kwa sentensi, akisikiliza ya Awino kwanza kisha akisema yake. Ile salamu ya Kidholuo akaikata, maana darasani kwake walikuwepo Wakuria na Wakisii pia. Mahali pake palibaki kimya. Akaona si vizuri video ianze hivyo, akasema: "Hamjambo watoto. Mimi ni Mwalimu Gesare."

Baadaye alijaribu kukumbuka kama moyo wake ulisita pale. Hakukumbuka kusita.

Alipoionyesha darasani, watoto walielewa. Waliwarushia ndugu zao, ndugu wakawarushia majirani. Milka aliposikia, alimuuliza, "Mbona sauti ni yako?"

"Nimeitengeneza kidogo ili watoto wasikie vizuri," Gesare akajibu. Milka akaitikia kwa kichwa, na hakuuliza tena. Mwalimu mkuu, Machuki, alipomsifu mbele ya walimu wenzake kwa ubunifu wake, Gesare alitabasamu akainamia daftari. Jina la Awino hakulitaja. Hapo ndipo video ilipogeuka kuwa yake.

Mwaka uliofuata alialikwa Homa Bay, kwenye mafunzo ya siku moja ya walimu kuhusu kufundisha kwa video pale ambapo mtandao ni duni. Ukumbini walikuwa walimu kama sitini. Gesare akaonyesha video ile ukutani. Ilipofika "Nani amekula?" ukumbi mzima ukaangua kicheko, wakapiga makofi.

Wakati wa maswali, mwanamke mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliinuka. Gesare hakuwahi kumwona.

"Madam, naomba kuuliza," akasema.

Gesare akageuka upesi kumtazama. Sauti ile aliijua. Aliisikiliza Jumamosi ile, sentensi kwa sentensi; aliijua hata inapovuta pumzi.

"Hiyo beseni ya kijani," mwanamke akaendelea taratibu, "uliinunua wapi?"

Walimu wengine waligeuka, wakishangaa swali gani hilo. Gesare angeweza kusema. Nafasi ilikuwa imefunguliwa mbele yake, na mwenye mali alikuwa amemfungulia kwa mkono wake mwenyewe.

"Sokoni," akajibu. "Migori."

"Asante," Awino akasema, akaketi.

Walipotoka kunywa chai, Gesare alimfuata hadi uani. Alitaka kuanza na maelezo ya upepo, lakini alipomkaribia maneno hayo yakamtoka kichwani.

"Mwalimu, nisamehe."

Awino aliweka kikombe chake juu ya ukuta mfupi. "Sikutaka kukuaibisha mbele ya watu. Nilitaka tu kujua kama utasema."

"Niliogopa."

"Unajua yako imefika Remba? Wachuuzi wameileta. Watoto wangu wananiuliza, 'Mwalimu, mbona mikono ni yako na mdomo ni wa mwingine?' Kuna mzazi ameniambia nilimwibia mwalimu wa Migori." Akauelekezea ukumbi kidole. "Rudi ndani, uwaambie hawa."

Gesare alisema atarudi. Lakini baada ya chai kipindi kingine kilianza, kisha ikaja sala ya kufunga, na kila alipojiandaa kuinuka alijiambia bado kidogo. Alienda nyumbani bila kusema.

Jumatatu alimweleza Machuki. "Wacha tu, Madam," mwalimu mkuu akasema. "Ni video. Watoto si wameelewa?" Maneno yale yalimuumiza kuliko kama angemkaripia. Jioni hiyo akaandika ujumbe kwenye kundi la walimu wa mafunzo yale, akaeleza yote, hadi jibu la beseni. Mwalimu mmoja aitwaye Javan akaandika: "Na makofi yetu tuliyokupigia je?" Awino aliandika neno moja tu: "Nimeona."

Gesare aliifuta video simuni mwake, akagundua hilo halisaidii kitu. Haikuwa imewekwa mahali pamoja ambapo mtu angeenda kuiondoa. Ilikuwa kwenye simu za watu, na watu wale walikuwa wameshawapa wengine asiowajua. Akatengeneza nyingine: ya Awino nzima, salamu yake na upepo wake, na mwanzoni Gesare mwenyewe akionekana uso, akisema kwamba somo hili alilichukua bila ruhusa na kulitia jina lake mwenyewe. Siku ya wazazi alisimama langoni nayo.

"Hii tunayo, Madam," wazazi walimwambia wakipita.

"Hii ni tofauti. Tafadhali futeni ile."

"Ile ndiyo inasikika vizuri."

Wachache walikubali. Wengine walichukua kwa heshima, na hakujua kama waliifungua.

Mwezi uliopita alikuwa kwenye foleni ya zahanati. Mama mmoja alikuwa amempa mtoto wake simu ili atulie, na ghafla Gesare akaisikia sauti yake mwenyewe: Hamjambo watoto. Mimi ni Mwalimu Gesare. Aliinama kama anayetafuta kitu mkobani, akakaa hivyo mpaka swali la samaki lilipopita na mtoto akacheka. Ndipo akainuka.

"Mama Byron," akasema, kwa kuwa alimfahamu, "hiyo video umeitoa wapi?"

"Ya kwako, Mwalimu? Ni dada yangu alinirushia kutoka Asumbi. Umefundisha vizuri kweli."

"Si mimi niliyefundisha."

Mama alimtazama, akaitazama simu. "Lakini si ni sauti yako?"

"Sauti ni yangu. Somo ni la Mwalimu Awino wa Remba. Mimi nililiiba." Watu wawili kwenye benchi waligeuka. Gesare akatoa simu yake mkobani. "Washa hotspoti nikupe ya mwenyewe."