Majina Mawili Kisimani

Asiyetaka kuamini na aache, simbembelezi mtu. Haya yamenikuta mwenyewe, mchana kweupe, jua la saa saba. Dada yangu yumo humu ndani, hapa Kismayu, na jina lake silitaji. Mtajua kwa nini.

Alikuwa halali wala hali. Mama akanituma kisiwa kimoja mbele ya kile cha Ngumi, kwa waganga, nimwendee mwalimu aandike aya kwa zafarani sahanini, tuzioshe, mgonjwa anywe. Akanionya: jina la mgonjwa na la mamake husemwa ndani ya nyumba tu, sikioni mwa mwalimu. Pwani hii nani hajui hilo?

Nilishuka botini nimekauka chumvi, kichwa kinanigonga. Wallahi sijaona watu wagumu kama wale. Ukisalimu, wanaitikia kwa kuwa ni wajibu, kisha wanatazama pengine. Nikiuliza nyumba ya mwalimu, mlango unafungwa. Nilizunguka mpaka nikachemka. Kwani mimi mwizi?

Kisimani nikamkuta mwanamke anateka maji. Yeye peke yake alinichangamkia.

"Karibu, kaka. Weye ni mchu wa wapi?"

"Kismayu. Namtafuta mwalimu."

"Ni mume wangu. Mgonjwa ni nani, na mamake nani? Nitangulie nikamwambie, akuandikie upesi."

Nikamwambia. Mjinga mimi, kwa neno moja jema nikayataja yote mawili pale uwanjani. Akayarudia polepole, akanitilia maji mikononi. Nikanawa uso, na uso ukabaki mkavu na chumvi yake. Kuinua macho, hayupo.

Mwalimu nilimpata baadaye, mtu wa makamo, mkali. Nilipomwambia mkewe keshaniuliza majina, akaweka kalamu chini.

"Mke wangu yuko Mombasa, mwaka wa pili huu. Na kisima kile hakina maji."

Nikamwomba aandike vivyo hivyo. Nililia, sioni haya kusema.

"Majina yameshashikwa," akasema. "Mimi sigombani na aliyeyashika. Toka kwangu."

Akanisukuma nje. Majirani walisimama milangoni kuhakikisha naondoka.

Dada sasa anakula, analala. Lakini kila adhuhuri huinua kichwa, akaitika "Labeka," akaufuata mlango, na hakuna aliyemwita. Tukimshika anatuuma. Tumembadilisha jina, hilo jipya haliitikii. Namchukia mwanamke yule, najichukia zaidi.

Basi nawe ukienda kwa waganga, ziba mdomo. Wanaokununia waache wakununie, hao hawakutaki kitu. Atakayekuchekea akakuuliza mgonjwa wako ni mwana wa nani, mpe kisogo, hata ukifa kiu.

Mimi nimechelewa. Juzi adhuhuri nilikuwa mlangoni, nimemshika dada kiuno asitoke, nikamsikia mama jikoni anaitika.