Seva ya Nne ya Maktaba

Chuoni tulimwita Mzee Waya. Alikuwa mtunza seva, zile kompyuta kuu za kuhifadhia kazi za chuo, mtu mpole wa miaka hamsini na minane, aliyevaa sweta hata jua likiwaka kwa sababu chumba chake cha mashine kilikuwa baridi kama friji. Katika programu yake kila seva ilikuwa na ukurasa wake: jina, anwani, kundi, na kila ilichopaswa kuwekewa. Akishaandika hapo agizo la kujengwa upya, mashine ikiwashwa tu hujifuta na kujipanga yenyewe.

"Mimi ni msajili wa vizazi na vifo," alikuwa akinitania. "Wewe dada mkutubi endelea kupangusa vumbi."

Seva ya nne ya maktaba alikuwa haigusi. Humo ndimo zilimokuwa sauti za marehemu mkewe, aliyefanya kazi nami miaka kumi na moja, akijirekodi akisoma vitabu kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Tangu amzike ilikuwa imepita miaka miwili, na hakuwahi kusikiliza hata dakika moja.

"Bado, dada. Nikistaafu. Sasa hivi moyo hautabeba."

Jumanne moja asubuhi alikuwa akiziwekea mfumo mpya seva tatu za kwanza za maktaba. Agizo alitakiwa aliandike kwenye ukurasa wa kila moja. Akaliandika mara moja tu, kwenye ukurasa wa kundi zima la maktaba, ili asirudierudie. Na seva zote za kundi hurithi kilichoandikwa hapo. Akazizima zile tatu na kuziwasha, zikakaa sawa, akaja kwangu kunywa chai.

Umeme ukakatika. Betri za kuzishikilia mashine zilikuwa zimechoka siku nyingi. Baada ya dakika moja ukarudi.

"Huu umeme wetu una kwikwi?" akacheka. Kisha nikamwona anaweka kikombe chini, taratibu.

Hakukimbia. Nilimfuata. Seva ya nne ilikuwa imejiwasha, imesoma agizo, imetii. Akachomoa waya, lakini diski ilishafutwa. Nakala ya akiba haikuwapo; aliifuta mwezi uliopita nafasi ilipojaa, akisema ataipanga upya wiki ijayo.

Wataalamu walikaa na ile diski wiki mbili, wakairudisha tupu. Siku hiyo alikuja maktaba, akaketi kwenye kiti cha mkewe.

"Dada, wewe ulikuwa unamsikia kila siku. Alikuwa anasomaje?"

"Polepole. Akifika penye maneno ya mtoto, anabadilisha sauti."

"Inakuwaje?"

Nilichukua kitabu cha mwisho alichokisoma, nikajaribu. Mzee Waya aliinamisha kichwa, akisikiliza kwa adabu, kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake. Nusu ukurasa, nikanyamaza.

"Endelea tu, dada," akasema. "Na wewe unasoma vizuri."