Bibi Harusi Alipokaa Kimya

Mwaka nilipopunguzwa kazi, maduka ya Songea yalikuwa yamejaa vitu kuliko nilivyowahi kuyaona. Sabuni za kila rangi, redio, betri, marobota ya sweta za mitumba pale sokoni. Nilikuwa nimepiga chapa kwenye ofisi ya ushirika kwa miaka kumi na mmoja. Siku waliyotusomea majina sikulia. Nilikwenda nyumbani nikalala na viatu miguuni.

Wenzangu waliochukua kiinua mgongo walinunua cherehani, wengine wakafungua genge. Mimi nilinunua kamera, na majirani wakadhani nimechanganyikiwa. Lakini ndani nilikuwa na mama aliyepooza upande mmoja, anahitaji kugeuzwa, kuogeshwa na kulishwa, na nisingeweza kukaa gengeni kutwa. Picha, nilijiambia, ni kazi ya kwenda na kurudi.

Kwa miezi kadhaa niliwapiga picha watoto wa mtaani kwetu bure ili nijifunze. Halafu siku moja akaja mwalimu mmoja wa kike, anafundisha Namtumbo, amesikia habari zangu kwa dada yake. Wazazi wake walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka arobaini, wana watoto tisa, ila hawakuwahi kufunga ndoa kanisani. Sasa paroko mpya alikuwa amewahimiza wazee wote wa kigango wabariki ndoa zao, na jozi saba zingebarikiwa siku moja.

“Nataka kila kitu,” mwalimu aliniambia. “Kuingia, viapo, pete, mpaka keki. Baba anazeeka.”

Akanipa malipo ya mwanzo mkononi. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi kumwambia mama kuwa nimepata kazi. Mama alitabasamu kwa ule upande wake mzima.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, na baridi ya Songea mnaijua. Niliamka kabla ya alfajiri, nikamhudumia mama, nikamwachia jirani ufunguo, nikapanda gari la kuelekea upande wa Peramiho. Nilipofika kanisani nilikuwa nimeshachoka, na hata kengele ilikuwa haijapigwa.

Bibi harusi nilimkuta nyuma ya kanisa, amekaa ukingoni mwa benchi kama mtu atakayeitwa wakati wowote. Alivaa gauni jeupe la mitumba ambalo binti zake walikuwa wamelipunguza kiunoni, na viatu vyeupe vilivyombana.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa picha?”

“Ndiye mimi.”

“Sasa mimi nifanyeje?”

“Usifanye kitu chochote, mama.”

Akaniangalia kwa makini. “Hiyo ndiyo kazi,” akasema. Kabla sijamjibu, mtu akamwita kumuuliza funguo za stoo zilipo, kwa kuwa mchele ulikuwa haujatolewa. Akainuka. Wa pili akaja kuuliza kama maharage yatatosha. Watoto wake walikuwa wamemkataza kupika, lakini tangu Alhamisi ndiye aliyekuwa akisimamia masufuria, kwani hakuna mwingine aliyejua kulisha watu mia tatu.

Misa ilikuwa ndefu. Mkanda wangu ulikuwa na picha thelathini na sita tu, na kila mwanakwaya alitaka moja yake. Nilijifunza siku ile kutikisa kichwa bila kumtazama mtu usoni. Mgongo uliniuma, kamba ya kamera ikanikata shingo.

Padre akaanza kuzipitia zile jozi, moja baada ya nyingine, akiwauliza kama wamekuja kwa hiari yao bila kulazimishwa. Wazee wakajibu kwa sauti ndogo. Akawafikia wangu.

“Ndiyo, Padre,” mzee akasema haraka.

Bibi harusi hakusema kitu.

Padre akangoja, halafu akarudia swali taratibu, akidhani hakusikia. Kimya. Kanisa zima likatulia, hata watoto wachanga. Mzee akamgeukia mkewe. Mwalimu, aliyekuwa benchi la mbele, akaziba mdomo kwa kitambaa. Mimi nilikuwa na kamera jichoni, na ndani ya kile kidirisha nikamwona yule mama amefumba macho, mabega yameshuka. Sijui kidole kilitumwa na nini. Flashi ikawaka, na Padre akanigeukia kwa jicho kali.

Bibi harusi akafumbua macho. “Nimekuja kwa hiari yangu, Padre. Tuendelee.”

Vigelegele vilivyopigwa vilikuwa vya watu walioponea chupuchupu.

Kwenye karamu watu walikula pilau na kile kimya. Wengi walisema amekumbuka ile miaka miwili mumewe alipokwenda Tunduru kununua korosho, akaishi na mwanamke mwingine huko. Mzee hakula. Mwalimu alinivuta pembeni.

“Kwa nini ulipiga pale?”

“Ulisema kila kitu.”

“Ile picha usiilete.”

Mkanda niliupeleka Dar es Salaam kwa basi kusafishwa, na picha zikarudi baada ya wiki tatu. Nilizipeleka mwenyewe kijijini kwao. Yule mama alikuwa uani anapukuchua mahindi, mumewe kando yake anachonga mpini wa jembe kwa panga. Akazitazama picha zote, akizisogeza mbali na macho.

“Na ile uliyonimulika nayo?”

Nilikuwa nayo ndani ya mkoba, chini kabisa. Niliitoa kwa woga, akaiangalia, akacheka.

“Wanasema nilikuwa nakumbuka Tunduru.”

Panga la mzee likasimama. “Kwani hukuwa unakumbuka?”

“Tunduru niliikasirikia wakati wake, ikaisha. Nilikuwa napumzika, baba. Tangu Alhamisi naitwa tu, mama hiki, mama kile. Pale nikaona watu wote wametulia, hakuna anayeniita, nikasema ngoja nivute pumzi kidogo.”

“Mimi nilitaka kuzimia mbele za watu,” mzee akasema.

“Nilijua. Nikasema na wewe ngoja kidogo.”

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilijaribu kucheka nao, nikashangaa machozi yananitoka. Yule mama aliinuka. Alinivutia mkeka, akaniletea kikombe cha togwa, akaendelea na mahindi yake. Niliegemea ukuta wa jiko, na usingizi ukanichukua nikiwa bado nimeshika kikombe.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshainama, na nimefunikwa kanga. Hakuna aliyeniamsha. Nilishtuka kwa ajili ya mama, nikaaga kwa mbio, lakini nyumbani nikamkuta jirani ameshamlisha na kumgeuza.

Mwalimu alinisamehe baadaye. Alipokwenda kuwasalimu wazazi wake, aliikuta picha ile imebandikwa ukutani, juu ya kiti cha baba yake. Mwezi uliofuata alinipeleka kwa rafiki yake aliyekuwa na mtoto wa kipaimara. Nilikwenda, nikasimama tena tangu asubuhi hadi saa nane, na mgongo uliniuma vilevile.