Fomu Yenye Jina Moja

"Hizi pesa ni za marehemu, au ni zangu?"

Mama aliniuliza hivyo katika wiki ya pili ya eda, mimi mwenye shahada ya uchumi. Baba, dereva wa kampuni, alifariki miezi michache baada ya kufikisha umri wa kustaafu, kabla hajadai pensheni yake. Mama hangeweza kutoka, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa miguu yake: asubuhi natoka nyumbani, mtaa wa Jericho, na bahasha ya vyeti, mchana narudi na maelezo ya watu wa ofisini.

Swali hilo lilikuwa zito. Kama pesa ni za marehemu, basi ni mirathi: mama thumni, yaani moja ya nane, mimi binti pekee nusu, na zinazobaki ni za ami, ndugu pekee wa baba. Kama ni za mama, amepata cha kumtunza uzeeni. Maandazi yake ya sokoni hayakuwahi kulipa kodi ya nyumba hata mwezi mmoja.

Ijumaa ami akaja kutoka mtaa wa Pipeline. Alikaa sebuleni, mama akamjibu akiwa chumbani, nyuma ya pazia.

"Shemeji, mimi sidai. Nauliza tu mirathi itagawanywa lini."

"Ami, hiyo ndiyo kudai," nikasema.

"Kaa, wakili. Chuo kimekufundisha kila kitu isipokuwa adabu."

Pazia likacheka kidogo.

Jumatatu nikaenda ofisi ya mfuko wa pensheni. Karani, mwanamke mmoja mpole, alinieleza mambo ambayo chuoni hakuna aliyeyagusa. Michango ya baba ilitolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa. Angezitoa pesa hizo mapema, zingekatwa kodi. Kwa kuwa umri ulifika, zitatoka bila kukatwa. Kisha akafungua faili. Kwenye fomu ya kumtaja atakayelipwa mwanachama akifa, baba alikuwa ameandika jina moja tu, la mama.

"Kwa hiyo si mirathi?"

"Kwetu haziingii kwenye mali ya marehemu," akasema. "Wadhamini wa mfuko huangalia fomu na waliomtegemea. Mkishazipokea, ya nyumbani ni yenu."

Nilirudi kama niliyeshinda kesi. Nikamsomea mama kifungu kwenye simu, neno kwa neno. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na mbele ya Mungu?"

"Mama, baba mwenyewe aliandika! Sheria imekupa wewe."

"Imenipa. Imenikataza kutoa?"

Sikulala vizuri wiki ile. Nilikuwa nimezoea kuuliza kila kitu: kwa nini mjane akae ndani, kwa nini ndugu wa kiume apate zaidi ya mke. Mama hakubishana na swali hata moja. Alisema tu kwamba hataki kula kitu huku akijiuliza ni cha nani.

Eda ilipokwisha na pesa zikaingia, alimwita ami akampa fungu lake kamili la mirathi, kana kwamba fomu haikuwahi kuandikwa. Ami alipokea kwa mikono miwili, akalia, akaondoka haraka. Nusu yangu nilimrudishia mama baada ya ugomvi wa siku tatu. Hata hivyo zilipungua sana, na ilimbidi arudi sokoni alfajiri, magoti yakimuuma. Nilimlaumu ami. Siku nyingine, moyoni, nilimlaumu baba kwa kuandika jina bila kuacha hata sentensi moja ya maelezo.

Ulipita zaidi ya mwaka. Siku moja, tukichambua mchele, mama akaniambia, bila kuinua macho kwenye ungo, kwamba maelezo yalikuwepo. Siku baba alipojaza ile fomu, alimwambia: "Ndugu yangu usimpe hata ndururu."