Tulilinganisha salary slip: yeye nesi wa Tanga, mimi wa Stockholm

Wakuu, poleni na majukumu. Hili limenitokea mwenyewe, nalieleza lilivyokuwa, hata pale linaponiumbua.

Mimi ni nesi kwa kusomea, Tanzania. Hapa Sweden nahudumia wazee kwenye makazi yao Vällingby kama undersköterska, yaani msaidizi wa nesi. Leseni ya nyumbani hawaitambui mpaka ufaulu mitihani yao, na ni kwa Kiswidi.

Mwezi uliopita akanipigia Rehema, tuliyesoma naye chuo. Ni in-charge wa wodi ya wazazi huko Tanga.

Akasema ameshaandika barua ya kuacha kazi serikalini, anataka kuja huku. Nimwambie ukweli kabla hajaipeleka.

Mimi mambo haya huwa yananiwasha. Nikamwambia kila mtu atume salary slip yake, tuone.

Mshahara wangu uliufunika wake mbali sana. Akacheka.

Nikamwambia subiri. Toa kodi ya serikali, toa pango la nyumba ninayokaa Sundbyberg, toa kadi ya treni. Yeye anakaa nyumba ya hospitali. Kicheko kikapungua.

Tukaja kwenye marupurupu. Likizo tunakaribiana, hilo sikulitegemea. Nikiugua, siku ya kwanza nakatwa. Yeye hakatwi. Alidhani namtania.

Nikagusia tu kwamba wiki ile nilikaa nyumbani siku tatu, mwanangu ana homa, na bima ya taifa inanilipa sehemu kubwa ya mshahara.



"Mwanangu Baraka alipolazwa," Rehema akasema, "mimi nilikuwa zamu wodi ya jirani. Nilikuwa namchungulia dirishani."

Kisha akauliza taratibu, "Na wewe kaka, ukisema mgonjwa huyu hayuko sawa, nani anakusikiliza?"

"Namwambia nesi. Yeye ndiye anaamua."

Nilijisikia aibu, wakuu. Miaka sita niko huku, na mitihani yao sijaigusa.

Barua hakuipeleka. Yuko kazini, anasoma Kiswidi kwenye simu kwanza. Mimi nimejiandikisha darasa la Kiswidi cha hospitali, wenzangu wengi ni vijana wa juzi.

Nilichojifunza: tarakimu ya mshahara peke yake inadanganya. Uliza inanunua nini, na ukifika utakuwa nani.

Mlioko Oman, Uingereza, Kenya na kwingine, package zenu zikoje? Msinionee huruma, nisahihisheni. Mtihani wangu wa kwanza ni Jumanne.